Chumba na sebule, watoto wawili, midoli kila kona: walioweza kupanga naomba maarifa

#1 MamaWawili (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Naombeni mawazo kwenye jambo ambalo wengine wataliona dogo, ila mimi limeninyima amani.

Tunaishi chumba na sebule hapa Tabata: mimi, mume wangu, watoto wawili na dada anayetusaidia kazi. Mkubwa ana miaka minne na nusu, mdogo mwaka mmoja na miezi minane. Sebule nimeipima jana kwa futi kamba, ni mita tatu na nusu kwa mita tatu. Humo kuna makochi, stendi ya tivii, friji na meza ya chakula iliyosukumwa ukutani. Midoli yote inakaa kwenye tenga moja kubwa la plastiki. Kila asubuhi mkubwa analipindua lote kutafuta kigari kimoja. Akikipata anacheza nacho dakika tano, anakiacha. Vilivyobaki vinasambaa chini ya makochi, nyuma ya friji, mpaka jikoni.

Jumapili iliyopita mama yangu alikuwa amekuja kutoka Morogoro. Usiku umeme ukakatika, akaamka kwenda msalani, akakanyaga kigari akaanguka. Kifundo cha mguu kikavimba, wiki nzima anachechemea. Yeye amesema tu, "Si kitu mwanangu, watoto ni watoto." Mimi nimeumia. Kwa hasira nikasema kesho natupa kila kitu jalalani. Mkubwa alinisikia. Alikwenda kulichukua tingatinga lake la njano, lile lililokatika kijiko, akaliingiza ndani ya fulana na kulala nalo tumboni. Nilipoingia kumfunika shuka ndipo nikaliona. Nimelia, sitaficha.

Leo nimemwaga tenga nikahesabu. Vitu 83. Vya sikukuu, vya bethidei, vya kununuliwa kwenye foleni, magari yasiyo na matairi, wanasesere wasio na mikono, vipande vya vitu nisivyovijua.

Sitaki kuwanyima watoto kucheza. Nataka kujua mliobanwa na nafasi kama mimi mmefanyaje. Picha za mitandaoni zinaonyesha chumba kizima cha michezo chenye zulia na hema, mimi hata pa kuweka stuli sina. Naomba kuwasilisha.

#2 Baba_Kigogo

Pole sana kwa mama, mwambie aendelee kukanda na maji ya barafu na asiukanyagie sana.

Mimi nina mtazamo tofauti kidogo. Sisi tuliokulia uswahilini hatukununuliwa hata kimoja. Gari tulitengeneza kwa waya wa uzio, matairi tulikata kwenye malapa yaliyochakaa, usukani mrefu unaendesha umesimama. Likiharibika unajua kulitengeneza kwa sababu ulilitengeneza mwenyewe. Na lilikuwa moja tu! Ulilitunza, ulijua limelala wapi. Vitu 83 kwa watoto wawili, hata mtu mzima hawezi kuvitunza. Punguza, dada yangu.

#3 Mwana_Mvita

Pole dadangu, salamu kutoka Mombasa. Huku pia nyumba ni hizo hizo za kubanana. Nitarudi kuandika kuhusu leso, yaani kanga, usinipite.

#4 Mwl_Chekechea

Nafundisha watoto wa miaka mitatu hadi sita, mwaka wa kumi na mbili sasa. Naomba niandike kwa kirefu maana jambo hili liko moyoni mwangu.

Mkuu hapo juu amesema punguza, na yuko sahihi, tena si kwa sababu ya usafi peke yake. Chuo Kikuu cha Toledo kule Marekani walichapisha utafiti mwaka 2018. Walichukua watoto 36 wa miezi 18 hadi 30, yaani rika la mdogo wako kabisa. Kila mtoto alicheza mara mbili: mara moja akiwa na vichezeo 4, mara nyingine 16. Walipokuwa na 4, walikaa na kitu kimoja muda mrefu zaidi na kukichezea kwa namna nyingi zaidi. Na mimi darasani nayaona hayo hayo kila siku. Mtoto mwenye vikombe vitatu na maji atapima, atamimina, atauza chai, atamnywesha mwenzake. Ukimpa thelathini, atavirusha.

Kwa hiyo mkubwa wako hana fujo. Tenga ndilo linalomshinda. Ukitaka kitu kilicho chini ya vitu 82, utafanya nini zaidi ya kupindua? Hata sisi tukitafuta ufunguo ndani ya mkoba mkubwa tunamwaga mkoba wote kitandani.

Dawa ni rafu fupi, wazi, kila kitu kinaonekana na kina nafasi yake. Wazo hili lina historia. Mwaka 1907 daktari Maria Montessori alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mtaa wa San Lorenzo, Roma, kwenye majengo ya kupanga ya wafanyakazi maskini, familia zimerundikana. Si watu wenye vyumba vya michezo wale. Mwanzoni vifaa vilifungiwa kwenye kabati refu na ufunguo alikuwa nao mwalimu. Siku moja mwalimu akasahau kulifunga, akakuta watoto wameshachagua wenyewe kila mmoja anachotaka, wametulia wanafanya shughuli. Kuanzia pale vikawekwa kwenye rafu za kimo cha mtoto. Namwonea fahari yule mtoto wa kwanza aliyefungua lile kabati.

Fanya hivi. Chagua vitu kumi au kumi na viwili tu, vikae nje. Vingine vizima weka kwenye boksi juu ya kabati la nguo. Baada ya wiki mbili au tatu, vile ambavyo wamevichoka vipandishwe juu, vya juu vishuke. Utashangaa kitu cha zamani kinavyopokelewa kama kimetoka dukani leo. Vilivyovunjika tupa, ila lile tingatinga usiliguse.

#5 MamaWawili

Mwalimu, asante. Sijawahi kufikiri kwamba anapindua kwa sababu haoni. Tingatinga halitupwi, nimeshamwambia mwenyewe, ameitikia kwa kichwa tu bila kusema neno.

#6 Muuguzi_Zamu

Naomba mlisome hili hata kama mtaruka mengine yote.

Mama mwenye uzi, una mtoto wa mwaka mmoja na miezi minane anayetambaa na kutembea kwenye sakafu moja na vitu vya mtoto wa miaka minne na nusu. Kabla ya kupanga kwa uzuri, panga kwa usalama.

Kwanza, betri zile bapa za mviringo kama sarafu. Zimo kwenye vitabu vinavyoimba, kadi za bethidei zenye muziki, tochi ndogo, rimoti. Mtoto akimeza, betri ikikwama kwenye koo la chakula inapitisha umeme kwenye mate na nyama ya koo, pale inapogusa panazalika kemikali kali kama magadi ya kutengenezea sabuni. Ndani ya saa mbili koo linaweza kuungua vibaya. Haihitaji kuvuja, na hata ile iliyokwisha nguvu kiasi cha kutowasha tochi bado ina umeme wa kutosha kuunguza. Mtoto anaweza kuonekana kama ana mafua tu, anatoka mate, anakataa chakula. Ukishuku, usimtapishe, usisubiri asubuhi, kimbia hospitali na useme waziwazi "nadhani amemeza betri" ili apigwe eksirei haraka, maana kwenye picha inafanana na sarafu na dakika zina thamani.

Leo hii kagua kila kinachoimba au kuwaka. Kifuniko cha betri kiwe kimefungwa kwa skurubu. Kisichofungwa, toa betri au toa kitu chenyewe.

Pili, sumaku ndogondogo. Akimeza mbili, zinavutana zikiwa kila moja kwenye sehemu yake ya utumbo na kuubana utumbo katikati mpaka unatoboka.

Tatu, vipande vidogo. Chukua lile bomba la kadibodi la ndani ya karatasi ya chooni. Kinachopita humo, mtoto wa chini ya miaka mitatu asikione sakafuni. Na kwenye pakiti ya kichezeo mkiona alama ya duara lenye uso wa mtoto na 0-3 limepigwa mstari, maana yake ndiyo hiyo hiyo: si cha chini ya miaka mitatu.

Vya mkubwa vyenye vipande vidogo viwe juu, avichezee mezani mdogo akiwa amelala.

#7 Fundi_Keko

Nimesoma kuhusu rafu, hapo ni kwangu. Nafanya useremala Keko. Nitakupa vipimo, hata fundi wa mtaani kwako atakutengenezea.

Nunua ubao mmoja wa paini, inchi moja kwa kumi, urefu futi 12. Kata pande mbili za futi mbili mbili, hizo ni mbavu. Kata tatu za futi mbili na nusu, hizo ni rafu: ya chini, ya kati, ya juu. Jumla futi 11 na nusu, ubao mmoja unatosha na kipande kinabaki. Kimo chake futi mbili, mtoto wa mwaka na nusu anafika juu bila kupanda. Inaingia chini ya dirisha au pembeni ya stendi ya tivii, kina chake inchi kumi tu.

Mambo matatu usiyaache. Kona zote zizungushwe kwa msasa, mtoto akianguka asikutane na ncha. Rafu ifungwe ukutani kwa kona za chuma na skurubu, maana mtoto yeyote duniani ataifanya ngazi. (Na kabati la nguo na stendi ya tivii vifungwe vilevile, hivyo ndivyo vizito.) Halafu usikubali kuuziwa ubao uliotiwa dawa, ule wenye rangi ya kijanikijani. Huo ni wa paa. Dawa yake mara nyingi ina shaba, kromi na arseniki, na arseniki ni sumu. Marekani viwanda viliacha kuuza mbao za dawa hiyo kwa matumizi ya majumbani mwishoni mwa mwaka 2003. Mtoto anayelamba kila kitu hapaswi kuwa karibu nao. Chukua mbao nyeupe, piga msasa, paka vanishi ya maji, acha ikauke nje siku kadhaa mpaka harufu iishe.

Kama hela haipo sasa hivi, ndoo za rangi tupu za lita nne zilizokuwa na rangi ya maji, zioshwe vizuri, zipangwe mstari ukutani. Zile za rangi ya mafuta achana nazo. Na sanduku kubwa lenye kifuniko kizito mimi siwatengenezei watu wenye watoto wadogo. Kifuniko kinaangukia vidole, na mtoto anaweza kuingia humo kujificha akakosa hewa. Mteja akishikilia sana, natoboa matundu pande zote na kifuniko nakifanya chepesi.

#8 Baba_Kigogo

Fundi, huu ndio mchango. Nami nakwenda kutafuta ubao.

#9 Mwana_Mvita

Nimerudi. Vitofali vile vya plastiki vya kuunganisha ndivyo viliniua magoti mimi, mwanangu anavyo kama mia mbili. Rafu haivimudu.

Mamangu alinifundisha hivi. Chukua leso mbili kuukuu, zile laini zilizofuliwa miaka. Zipandanishe, uzikate duara kubwa kadiri upana unavyoruhusu, uzishone pamoja, na ukingoni uache njia ya kupitisha kamba. Pitisha kamba ya katani mzunguko mzima. Akitaka kucheza unaitandaza sakafuni, anakaa katikati, vitofali viko juu ya leso. Sharti moja tu: kisitoke nje ya leso. Akimaliza unavuta kamba, vyote vinaanguka katikati, imekuwa mfuko. Unautungika msumarini nyuma ya mlango. Nusu dakika.

Mwanangu sasa huvuta kamba mwenyewe. Hupenda ile sauti ya vitofali vikianguka pamoja, mpaka mara nyingine humwona anaifungua tena kusudi avute mara ya pili. Kwenye leso yetu jina, yale maneno yaliyoandikwa, limebaki nusu, "...MAMA" tu ndiyo yasomeka, nami nimeipenda hivyo hivyo.

#10 MamaWawili

Mwana Mvita, hiyo naifanya wikiendi hii. Kanga kuukuu ninazo, nilipewa na mama huyu huyu aliyeanguka.

#11 Nilikuwa_Dada

Nimesoma jukwaa hili siku nyingi, leo ndiyo nachangia mara ya kwanza. Nilifanya kazi za ndani miaka sita, Mwanza na Dar. Sasa nina meza yangu ya mitumba na mtoto mmoja.

Dada, umeandika mko watu watano kwenye chumba na sebule. Naomba nikuulize kwa heshima: dada yako analala wapi?

Nauliza kwa sababu mimi nililala sebuleni. Godoro langu la futi mbili na nusu lilisimamishwa nyuma ya kochi mchana, usiku natandika watu wakishaingia chumbani. Pale watoto walipochezea ndipo kitanda changu. Kila usiku kabla ya kulala nilipiga magoti na tochi ya simu naokota kimoja kimoja, maana ukikilalia kitofali unaamka na alama yake ubavuni. Saa tano kasoro ndiyo namaliza, na saa kumi na moja alfajiri niwe nimeshaamka kuandaa watoto wa shule. Mama mwenye nyumba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akiamka anakuta sebule safi, basi. Hakujua inasafishika saa ngapi.

Sikuwachukia wale watoto. Yule mdogo nilimlea tangu ana miezi minne, akilia usiku alikuwa ananiita mimi. Ila kuna jambo nilimharibia bila kujua. Alikua akiamini vitu vinarudi vyenyewe. Alipoanza darasa la kwanza kila wiki anapoteza penseli, sweta, chupa ya maji. Wakamwita mzembe. Hakuwa mzembe, hakuna aliyemwonyesha kwamba kila kitu kina kwao, mimi nilikuwa narudisha akiwa amelala.

Kwa hiyo mawazo yote haya ni mazuri, rafu na leso na boksi. Naomba tu uongeze na saa. Michezo ifungwe mapema, watoto wakiwa macho, warudishe wao. Mtoto wa miaka minne anaweza kabisa. Wa mwaka na nusu anaweza kutia kitu kwenye ndoo ukimpigia makofi, tena anafurahi kuliko alipokuwa anacheza. Ikifika saa mbili usiku, sebule iwe ya wakubwa, na ikifika muda wa kulala iwe ya dada.

#12 Mwl_Chekechea

Nimesoma nikasimama. Asante sana mdogo wangu kwa kuandika.

#13 MamaWawili

Ndiyo. Analala sebuleni. Miaka miwili sasa.

Baada ya kusoma nimetoka chumbani. Saa nne na dakika kumi, alikuwa amepiga magoti anavuta kitu chini ya kochi kwa mti wa fagio. Nimemuuliza kila siku huwa hivi? Akasema "Si kila siku, dada, kuna siku wanacheza nje." Nimepiga magoti tukamalizia pamoja. Sina zaidi usiku huu.

#14 MamaShujaa

Nina mtoto mwenye usonji, ana miaka sita. Nichangie kidogo tu kuhusu kila kitu kuwa na kwao, maana sisi bila hilo siku haiendi.

Maneno hayakumsaidia, picha ndizo zilizomsaidia. Nilipiga picha kila kichezeo kwa simu, nikazichapisha steshenari, nikazibandika kwa selotepu pana: moja kwenye rafu, moja mbele ya ndoo. Picha ya gari, magari yanakaa hapo. Picha iwe ya kitu chenyewe, gari lake lile lile, isiwe ya gari lolote la mtandaoni. Nilipokosea hilo mwanzoni alikataa katakata kuliweka lake, akawa analisimamisha mbele ya picha analinganisha. Alikuwa sahihi yeye.

Na tukibadilisha vitu vya juu na chini, nabadilisha kimoja kwa siku, akiwa anaona. Kwa watoto wengine mnaweza kubadilisha vyote kwa mara moja. Wa kwangu angepata taabu sana.

Na kuhusu kelele: ndani ya pembe yake kuna kigodoro na shuka limening'inizwa, akielemewa anaingia. Nusu mita ya mraba tu, pembeni ya kabati. Ndiyo sehemu ninayoithamini kuliko zote nyumbani kwangu.

#15 Mpangaji_Buza

Nyie mmeongelea ndani, mimi niongelee nje, kwa sababu chumba na sebule kina kikomo.

Nyumba yetu tuko wapangaji sita, watoto jumla kumi na wawili. Uani kulikuwa na matofali ya mwenye nyumba na magari mawili mabovu. Watoto wakawa wanachezea barabarani kwenye bodaboda. Wazazi tulikaa kikao. Kuna mmoja wetu alitukumbusha kwamba Sheria ya Mtoto, Namba 21 ya mwaka 2009, kifungu cha 8, inataja haki ya mtoto kucheza na kupumzika pamoja na chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Wajibu ule umewekwa kwa mzazi, si kwa mwenye nyumba, kwa hiyo tulimwendea kwa maombi, hatukumwendea kwa vitisho. Alikubali kuhamishia matofali upande mmoja.

Tulinunua mchanga wa toroli tatu, tukajenga ukingo wa matofali yale yale. Jioni unafunikwa kwa turubai, lazima, la sivyo paka wanageuza choo. Matairi mawili ya gari tumeyafukia nusu, wanaruka. Asubuhi mmoja wetu anaangalia kama kuna chupa au kiwembe. Ndoo za maji zote zina vifuniko na tumeziondoa pale, mtoto mdogo anazama hata kwenye maji kidogo ya ndoo.

Sasa jioni ni rede, kombolela na kupikapika na makopo. Midoli ya ndani imepungua umuhimu yenyewe. Baba Kigogo, umesema kweli kuhusu magari ya waya, ila yale yalihitaji na kiwanja. Viwanja ndivyo vilivyoisha mjini.

#16 Baba_Kigogo

Hapo sina la kubisha. Nakumbuka kiwanja chetu, leo kuna fremu za maduka mstari mzima.

#17 Jirani_Mwema

Swali: watoto wa jirani wakija kucheza vitu vinapotea. Mnafanyaje bila ugomvi na majirani?

#18 Nilikuwa_Dada

Weka nje vya kuchezea wote: mpira, makopo, vitofali. Kile mtoto anachokipenda kuliko vyote kiingie chumbani wageni wasije wakakigombea. Na wakiondoka wote washiriki kurudisha, na wageni pia. Hapo hakiondoki kitu mfukoni kwa bahati mbaya.

#19 MamaWawili

Nimerudi baada ya wiki tatu na siku mbili, nawaletea mrejesho.

Nianze na ya Muuguzi, maana mwili bado unanisisimka. Jioni ile ile nilikagua vinavyoimba. Kile kitabu cha wanyama kilichokuwa kimeacha kuimba tangu Pasaka, kifuniko cha nyuma kilikuwa kimelegea. Kina nafasi za betri tatu. Nilikuta mbili. Tulivuta friji, tukageuza makochi juu chini, mume wangu alilala kifudifudi na tochi. Tuliipata kwenye mpasuko wa sakafu chini ya stendi ya tivii, mdogo ndiye hukaa pale kila siku. Muuguzi, sikujui sura, lakini nakuombea.

Vile 83: 19 vimetupwa, 22 tumevisafisha kwa sabuni na kuvianika juani, vikaenda kwa watoto wa shangazi yao Kinyerezi, 30 viko kwenye boksi juu ya kabati, 12 viko nje. Rafu ameitengeneza fundi wa hapa mtaani kwa vipimo vya Fundi Keko, ubao mmoja kweli ulitosha. Mwenye nyumba aliruhusu tutoboe ukuta matundu manne. Iko chini ya dirisha. Picha nimebandika kama alivyoelekeza MamaShujaa, na mkubwa ndiye aliyezipiga mwenyewe kwa simu ya baba yake. Ya tingatinga ina kidole chake pembeni. Alikataa tuipige upya.

Kanga ya kamba imeshonwa. Mdogo anakaa katikati na hataki kutoka hata ikivutwa.

Kuhusu saa, tumekubaliana saa kumi na mbili na nusu jioni. Mkubwa anarudisha rafuni, mdogo anatia kwenye ndoo, siku nyingine anatoa tena, tunaanza upya. Siku tatu za kwanza kulikuwa na vilio. Siku ya nne mkubwa alimwambia baba yake atoe viatu vyake pale, "hapo si kwao." Godoro la dada sasa linakaa chumbani kwetu mchana, na upande ule wa sebule tumefunga pazia anavuta usiku. Ni kidogo, tunatafuta nyumba ya vyumba viwili.

Juzi umeme ulikatika saa sita usiku. Nilikuwa macho, namnyonyesha mdogo. Nikasikia dada anaamka gizani kwenda kunywa maji. Nilijikuta nimebana pumzi, nasubiri kusikia kishindo. Nikasikia miguu yake ikipita katikati ya sebule, mfuniko wa ndoo, kikombe, halafu miguu ikirudi.